Kidaraja cha Kumi na Mbili

Nasinzia kwenye benchi la saruji katika stendi ya Mlongoti, fimbo yangu nyeupe nimeibana katikati ya magoti, mama yangu kaketi kando, na kabla usingizi haujanichukua nairudia njia kimoyomoyo: toka stendi, pinda kushoto, mtaro uwe kushoto daima, hesabu vidaraja. Mkandarasi wa lami alichimba mtaro mrefu akaenda zake, basi kila mwenye duka kajijengea kidaraja chake cha kuvukia wateja, na hakuna kinacholia sawa na mwenzake chini ya fimbo. Cha kwanza ni mbao mbili za muuza mchele. Cha nne ni bati la pipa, pale penye mashine ya kusaga. Cha saba ni zege la duka la dawa, na cha kumi na mbili, chuma cha chasisi ya lori, ndicho cha shule. Jumamosi tumeipita njia hiyo na mama mara tatu. Leo naipita peke yangu, kwa sababu Mwalimu Mkuu, Bwana Mshana, kaniambia bila kuzunguka: Mwalimu Nasiwa, mimi sikufukuzi, ila barabara yetu itakufukuza, ukifika mwenyewe kabla ya kengele ya saa saba mchana, nafasi ni yako, usipofika, mama yako ahamie huku awe anakushika mkono. Mama ana miaka sabini na moja, ana magoti mabovu na shamba lake la tangawizi kule mlimani. Alikubali kuhamia kabla sijafungua mdomo, na hilo ndilo linaloniuma. Sioni tangu surua ya utotoni, nimeshazoea, lakini sijazoea kuwa sababu ya mtu kuacha nyumba yake.

Basi nanyanyuka, au nadhani nimenyanyuka, nashusha mguu ukingoni mwa stendi na mguu unashuka, unashuka, lami inachelewa kuja, na inapokuja ni laini na ya vuguvugu na inasogea kidogo chini ya kiatu. Hapo hapo mkono unanidaka juu ya kiwiko. Dada, nikuvushe, inasema sauti, na kabla sijajibu nimeshavushwa, mkono umeshaniachia, nasikia kandambili zikienda zao, pata, pata. Nagonga kushoto nipate mtaro. Nakuta ukuta. Nagonga kulia: mtaro uko huko, unapumua. Mji umegeuzwa kama shati, kushoto kumekuwa kulia, na mimi sina muda wa kushangaa, naanza kuhesabu. Kidaraja cha kwanza hakilii mbao, kinalia kigae. Cha pili ni kigae, cha tatu kigae, halafu si vidaraja tena bali mabaraza ya maduka, kila mwenye duka kainua lake kwa kimo anachojua yeye, napanda, nashuka, napanda, nateleza, na naujua mji huu, si Mlongoti, ni Kikwaja, niliupita mwaka juzi nikienda kwenye usaili. Nageuka kona ya Kikwaja naingia Ngerezani, ambako nguzo za umeme zimesimama katikati ya njia ya miguu, maana nguzo zilitangulia na njia ikapimwa ofisini, na leo nguzo zinanifuata, naikwepa moja na nyingine imeshakaa mbele ya paji langu la uso. Nani anazichora barabara hizi? Hakika anazichora akiwa ndani ya gari. Miji yote niliyopita inaungana mkia kwa kichwa, mtaro mmoja unapita ndani yake yote, upande wa kulia, na shule haifiki.

Mkono unanidaka tena. Shule ya Mlongoti iko wapi, nauliza. Sauti inasema: Kitendawili. Nasema: Tega, kwani ndivyo nilivyolelewa. Kina mdomo mrefu kuliko mji, kinakula miguu na hakishibi. Mtaro, nasema, huo haunibabaishi, nimekuuliza shule. Shule iko pale pale, inajibu sauti, wewe ndiye usiyekuwepo. Nakasirika, nanyoosha mkono niuguse uso wa huyu anayenichezea, na vidole vyangu vinakuta kitu bapa, hakina pua wala mdomo, kimenyooka kama lipu mpya. Naogopa, nakiri. Lakini nyuso hazijawahi kunisaidia kitu, wenye nyuso na wasio nazo wote kwangu ni sauti na viganja, basi naushika woga wangu nauweka pembeni. Tega cha pili, nasema. Sauti inashuka: Nikikushika unapotea, nikikuachia unafika, mimi ni nani? Sijui. Basi nikuvushe, inasema, na navushwa tena, na tena, barabara hazina mwisho na kila moja ina mtu mwema wa kunivusha, na kila nikivushwa mtaro unaruka upande mwingine na hesabu yangu inafutika.

Hapo nasimama. Nagoma. Napiga fimbo chini na kukaa tuli katikati ya huo mji usiotulia, nasikiliza. Kwa mbali, ng'ambo ya barabara, mashine ya kusaga inanguruma. Mashine ni kidaraja cha nne. Mashine haijahama! Mji haujageuka hata kidogo, ni mimi niliyevushwa bila kuuliza na kuachwa upande usio wangu. Nacheka kwa sauti kama mwehu. Nasogea ukingoni, nasikiliza lori lipite, nasikiliza baiskeli, nainua mguu, na mkono unanidaka kiwiko: Nikuvushe. Safari hii naushika mimi. Kidole gumba kimepasuka kwa jembe. Kiganja kinanuka tangawizi. Ni mkono, nasema, jibu la kitendawili ni mkono, na ni wako, mama. Nakupenda, namwambia, na bado naomba uniachie. Vidole vinasita, kimoja kimoja vinalegea, navuka peke yangu, fimbo inagonga bati la pipa, na kengele inalia.

Nafumbua macho yasiyoniambia kitu. Kinacholia ni nyundo ya fundi wa matairi hapa stendi. Umelala dakika kumi tu mwanangu, anasema mama, muda bado upo. Kiganja chake kiko kwenye kiwiko changu. Nikushike mpaka pale kona tu, anasema, nisikuache uanze na magari. Niachie, mama. Ananiachia, ananinyoosha kola, anasema haya, nitakuwa hapa, na kama hujarudi nitajua umefika.

Natoka stendi, napinda kushoto, nagonga: mtaro uko kushoto. Mbao mbili, muuza mchele ananisalimia, Mwalimu, shikamoo, naitikia bila kusimama. Bati la pipa, vumbi la unga linanipanda puani. Cha sita kina pengo la kiganja kizima, nalivuka kama nilivyojifunza. Saba, zege la duka la dawa. Na papo hapo mkono unanidaka juu ya kiwiko, na sauti ile ile inasema: Dada, nikuvushe. Sijui kama nimeamka au kama barabara imeanza upya. Ningeweza kuunyoosha mkono wangu niuguse huo uso nihakikishe, lakini saa saba inakaribia, na nyuma yangu, nasikiliza sana, hakuna kandambili za mama zinazonifuata. Asante, nasema, njia naijua. Nauondoa mkono taratibu, naitanguliza fimbo, nahesabu: nane.