Ukingo wa Pembe ya Baruti

Jumatatu asubuhi Yahya alichemsha pembe ya ng'ombe ndani ya debe, uani kwake Majengo ya Thika, na kama ilivyo kawaida pembe ikichemshwa, mtaa mzima ukajua. Harufu ilipita kwa muuza mkaa, ikapita msikitini, ikawafikia wanawake waliopanga foleni bombani. Wakasema, "Yahya amepata kazi," wakaja kuona ni kazi gani. Nyumba ile haikuwahi kukaa bila watu. Mishi, mkewe, alikaanga mandazi mlangoni, na kila aliyenunua andazi alikuwa na haki ya kukaa chini alile pamoja na habari za wenzake.

"Ni ya mzungu," Mishi aliwaambia kabla hajaulizwa. "Bwana Tarimbo wa Ruiru. Anataka pembe ya kutilia baruti."

"Baruti ya nini, na bunduki zake zinakula risasi?"

"Ana gobore la babu yake. Atalitundika ukutani na pembe yake ubavuni, wageni wakija na mikanda yao ya risasi viunoni wapige miluzi."

Wakacheka. Bwana Tarimbo alikuwa na shamba la kahawa, na tangu hali ya hatari itangazwe alikuwa pia mmoja wa wale waliokaa mezani kuamua nani aende kizuizini na nani arudi kwao. Hilo jina alipewa na vibarua kwa vile alivyosimama, wima na baridi, kama chuma cha kuvunjia mawe.

Kilichomfanya Yahya aikubali kazi hakikuwa gobore. Gachanja, mtu aliyemsugulia pembe kwa miaka tisa, alikuwa amekamatwa kwenye msako wa mwaka uliopita, mwaka wa hamsini na nne, akapandishwa lori kupelekwa Ruiru kuhojiwa. Tangu siku hiyo hakuna barua wala salamu. Bwana Tarimbo alimwambia Yahya hivi: pembe ifike Jumamosi, ukingo wake uwe umechongwa mzunguko mzima kama kwenye picha aliyompa, naye atatia sahihi karatasi ya kumwachilia Gachanja.

Waceke, mke wa Gachanja, alikuwa na kibali cha wiki moja cha kuuza viazi sokoni. Alishuka kutoka kijiji kipya upande wa Kiganjo, kile chenye geti moja na askari wawili, akaingia uani, akasalimia watu mmoja mmoja, kisha akachungulia debeni.

"Huyo ni maksai wetu," akasema.

Yahya akaitoa pembe kwa koleo. Karibu na shina palikuwa na mfuo ulioliwa na kamba kwa miaka mingi. Ng'ombe wote wa kijiji cha Waceke walikuwa wamechukuliwa kwa adhabu baada ya daraja kuchomwa, adhabu ya wote kwa kosa la wasiojulikana.

"Ni yeye. Akisikia sauti ya Gachanja alikuwa anavuta kamba mpaka mti unalia. Dada Mishi, nipe andazi."

Mishi akampa mawili.

Jumanne Yahya aliikwangua pembe kwa kipande cha chupa mpaka ikawa nyembamba kama ukucha. Ukiielekeza juani unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Mchana akaanza ukingo wa mdomoni. Kwanza mistari miwili ya kuzunguka, halafu katikati yake meno madogo, moja baada ya jingine, na kila mkato akaupaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ili nakshi isimame. Mafundi wa pembe wa Thika walikuwa na desturi moja ambayo hawakumweleza mteja: ukingo haufungwi. Pale mistari inapokutana huachwa nafasi ya upana wa punje ya mchele, kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyetoa pembe yake kwa hiari, na aliyenyang'anywa asizibiwe njia. Walionunua pembe za ugoro hawakuiona hata siku moja. Yahya naye siku hiyo hakuwaza picha ya mzungu. Alikuwa anabishana na jirani juu ya ndoa ya tatu ya Salehe muuza nyama, mkono ukaiacha nafasi wenyewe.

Jumatano saa nne asubuhi pembe, iliyokuwa imelazwa juu ya gunia, ilimwaga udongo. Si mwingi, wa kujaza bakuli.

"Yahya, nimefagia sasa hivi!" Mishi akasema.

"Si mimi. Ni pembe."

"Basi ielekeze nje."

Yahya akaigeuza. Ngina, aliyekuwa kibarua katika shamba la Bwana Tarimbo na wiki hiyo alikuwa nyumbani kwa sababu ya mguu, aliinama akausugua ule udongo kati ya vidole. Ulikuwa mwekundu, wenye chembe za buluu.

"Huu ni wa kwetu," akasema. "Hiyo buluu ni dawa ya kahawa. Lakini mistari ya juu dawa imeoshwa na mvua. Hapa ni chini karibu na mto, kwenye ile miche ya mwaka jana."

"Wewe unajua udongo kama mganga," Mishi akasema.

"Nimeulima miaka kumi na miwili, mama. Kule tu ndiko sikulima. Mashimo ya ile miche walichimba askari wenyewe, sisi hatukuitwa. Tukasema leo tumehurumiwa."

Mtu akaomba chai. Mishi akamimina. Waceke alichota udongo kwa viganja akautia kwenye kiondo chake, akawa makini usibaki hata ule wa kwenye nyufa za sakafu. Jioni getini askari alichoma kile kiondo kwa mkuki, akitafuta chakula cha watu wa msituni, akakuta udongo, akampitisha. Udongo haukuwa umepigwa marufuku.

Alhamisi saa nne watu walikuwa wamekwisha kukaa tayari. Wengine walikuja na vigoda. Pembe ilimwaga udongo tena, ikamwaga mizizi ya mkahawa, myeupe, na mwisho ikatoa kifungo.

Mishi alikiokota. Kilikuwa kifungo cheusi, na kwenye matundu yake kulikuwa na uzi wa kijani.

"Uzi wangu," akasema. "Gachanja alishonea shati lake hapa mlangoni, kifungo kimekatika, na mimi uzi mwingine sikuwa nao. Akaniambia, shemeji, utanifanya nionekane mti. Nikamwambia vaa, hakuna anayekutazama tumboni."

Mishi alikisugua kifungo kwenye leso yake, akampa Waceke, akarudi kugeuza mandazi, yakiwa yameshaungua upande mmoja.

"Kifungo si mtu," Yahya akasema. "Vifungo hukatika. Lori lenyewe linatikisika, mnabanwa kama viazi. Kinaweza kuanguka popote."

"Kweli," Waceke akasema.

"Na yule bwana hawezi kuahidi kumtoa mtu kama hana mtu."

"Kweli, fundi."

Ngina alifungua kinywa, Mishi akamkanyaga ule mguu mbovu, akakifunga.

Ijumaa Waceke alifika kabla ya wote, viazi vyake vikiwa bado mgongoni. Hakuketi.

"Ile picha ya mzungu inaonyesha ukingo umefungwa?"

"Umefungwa," Yahya akasema. "Nilikosea kwa mazoea. Lakini kuna mengine humu ndani, Waceke. Nikiacha wazi hadi kesho asubuhi..."

"Funga."

"Unajua nikifunga haitatoa kitu tena."

"Ndiyo maana nakwambia. Funga kabla ya saa nne. Leo itatoa nini? Juzi udongo, jana kifungo. Mimi nataka karatasi. Mtu mwenye karatasi anaweza kurudi."

Yahya alitazama mkewe. Mishi alitazama mafuta. Fundi akachukua kisu, akachonga meno matatu pale penye nafasi, akaunganisha mistari miwili, akapaka masizi. Jino la mwisho likatoka fupi kuliko mengine, lakini mpaka uambiwe ndipo ulione. Saa nne ilipofika watu walisogeza vigoda karibu. Pembe ilikaa juu ya gunia kama pembe nyingine yoyote. Yahya alipoinyanyua aliikuta ina uzito wa mtoto mchanga, na akaifunga hivyo hivyo kwa kitambaa.

Jumamosi alipanda lori la mkonge hadi Ruiru. Bwana Tarimbo alimpokea barazani. Alipitisha kidole gumba ukingoni, mzunguko mzima, polepole.

"Kazi safi. Mbona nzito?"

"Ni ng'ombe wa huku, bwana. Amekula vizuri."

Bwana Tarimbo akamwita karani wake, Jared, mtu wa Nyanza mwenye mwandiko mzuri, aandike karatasi. Jared aliandika jina, akaandika kijiji, akasimamisha kalamu.

"Anaachiliwa kutoka kambi gani, bwana?"

"Acha wazi."

"Na namba yake?"

"Acha wazi pia."

Akatia sahihi bila kufungua faili lolote, bila hata kukaa, akiwa na pembe kwenye mkono wa pili. Jared aligonga muhuri, akapuliza wino, akamkabidhi Yahya karatasi bila kumtazama usoni. Yahya akasema asante, bwana.

Waceke aliipeleka karatasi kwa Ephantus, mkuu wa kijiji. Ephantus aliisoma mara mbili, akafurahi kwa dhati, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kijijini. Akafungua daftari lake, akamfuta Gachanja kwenye ukurasa wa walio kizuizini, akamwandika kwenye ukurasa wa walio nyumbani. Akampa Waceke mkono.

Kila aliye nyumbani alitakiwa kuchimba mtaro wa kuzunguka kijiji, pima moja kwa siku. Jumatatu filimbi ilipolia, majina yakaitwa. La Gachanja likaitwa, likarudiwa. Hakuna aliyeitika. Ikawa hivyo wiki nzima, na wiki ya pili askari wakaja kung'oa mabati ya Waceke wakimtafuta darini.

"Mama, nisaidie nikusaidie," Ephantus alisema. "Serikali imemwachilia, nyumbani hayupo. Mtu wa namna hiyo tunamwandika ameingia msituni, na hapo nyumba inachomwa. Yuko wapi?"

"Yuko Ruiru. Kwa Bwana Tarimbo, chini karibu na mto, kwenye kahawa changa."

"Nani kakwambia?"

"Pembe ya maksai wetu."

Ephantus alimkumbuka yule maksai. Alimla yeye pia. Alitikisa kichwa polepole, akalamba ncha ya penseli, akaandika: *Amepata kazi Ruiru. Hana kibali.* Kisha akamweleza Waceke, kwa sauti ya mtu anayemfanyia mwenzake wema, kwamba nyumba haitachomwa, ila mpaka mwanamume arudi, pima yake haiwezi kukaa bila mwenyewe.

Kesho yake Waceke alichimba pima yake, akaimaliza saa saba. Akanywa maji, akasogea hatua mbili kushoto, akaanza ya mumewe.