Jumamosi za Sudi

Kwa miaka kumi na moja Sudi alitoka nyumbani na baiskeli yake kila Jumamosi asubuhi, akarudi alasiri akiwa na nyasi mgongoni. Mkewe Zaituni alizikung'uta nyasi zile kwa kiganja, kisha akaenda kuchemsha chai. Hakuuliza. Aliona tu kwamba mumewe amerudi na uso mkunjufu, macho maangavu kama ya mtu aliyetoka kuoga, na moyoni akasema: huyu ana mahali. Na mahali, mke anapopawaza peke yake jikoni, hapakawii kupata sura ya mwanamke.

Sudi alifariki mwezi wa kumi, ghafla, kwa ugonjwa wa moyo. Zaituni akakaa eda katika nyumba yao ya ughaibuni, mtaani Etterbeek, ghorofa ya tatu, na baiskeli ikakaa naye kwenye korido, imeegemea ukuta. Eda ilipokwisha, Kadiri, mdogo wa marehemu, akaja kuichukua.

"Niachie," Zaituni alisema.

"Utaifanyia nini, shemeji? Wewe hujui kuendesha."

"Nitajua."

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Binti yake Naïma, anayekaa Evere, alimfundisha kwenye uwanja wa magari nyuma ya jengo lake, Jumapili baada ya Jumapili, akikimbia nyuma yake huku amekishika kiti. "Maman, angalia mbele! Usiangalie gurudumu!" Alianguka mara nne, na mara ya nne majirani waliokuwa dirishani wakampigia makofi. Ilipoingia Mei, akaweza.

Jumamosi moja ya mwezi huo alivaa suruali chini ya gauni, akafunga kitambaa vizuri kichwani, akamwambia Naïma kwa simu kwamba anakwenda mpaka mwisho wa barabara tu. Hakusema barabara ipi. Jambo moja tu Sudi aliwahi kulitamka juu ya safari zake: anapita njia ya reli ya zamani, kwenye bonde la Woluwe. Hilo lilimtosha Zaituni.

Mpaka Auderghem aliikokota baiskeli kwa miguu, kwa kuogopa magari. Kisha akaiona njia yenyewe, ikianza nyuma ya nyumba kama kichochoro, akapanda.

Zamani treni zilipita pale kwenda Tervuren. Reli ziling'olewa, likabaki tuta lililonyooka, limefunikwa na miti iliyokutana juu kutoka pande mbili. Treni haipendi kona kali wala mlima, na hata baada ya kuondoka, njia yake humhurumia anayepita. Zaituni alishangaa jinsi miguu ilivyokuwa myepesi. Mwanga ulianguka vipande vipande njiani, na kila alipopita kipande kimoja alihisi joto shingoni, kisha baridi, kisha joto tena, mpaka akaacha kuhesabu na kuacha kuogopa. Nyumba za watu zilikuwa chini, bustani zikionekana kwa nyuma: nguo kwenye kamba, kitanda cha kuning'inia, mzee anamwagilia maua amevaa pajama. Hakuna aliyeinua macho. Zaituni akajiona anaelea juu ya mji ambao kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameupitia chini tu, ndani ya treni za metro, na mifuko mkononi.

Akavuka daraja la chuma, tramu ikipita chini yake bila kelele. Upande wa kulia yakatokea maziwa madogo yenye bata, na kando yake mto. Woluwe si mto wa kujisifia. Mtu wa Bujumbura angeuita mfereji. Lakini asubuhi ile ulikuwa umebeba mbegu nyeupe za miti, nyingi mno, zikitembea juu ya maji kama pamba, na Zaituni akateremka tutani, akaufuata mto polepole, hajui anatafuta nini.

Kando ya maji palikuwa na kibanda cha mbao, kinanukia kahawa na vikate vitamu vya gofri. Mwanamke wa miaka arobaini hivi alikuwa akipanga viti. Aliinua kichwa, akaiangalia baiskeli kabla ya kumwangalia aliyeipanda.

"Lakini hii kinga ni ya Papa Sudi!"

Zaituni akafunga breki, karibu aanguke. Alimtazama mwanamke yule: mashavu ya mviringo, nywele zilizosukwa vizuri, kicheko kiko karibu. Kwa hiyo ndiye huyu. Miaka kumi na moja alikuwa amemchora kichwani, wala hakukosea sana.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi Gracieuse, maman. Wa Bukavu. Papa Sudi iko wapi? Tangu octobre hatujamuona. Nilijisemea, pengine amerudia Burundi."

"Amefariki. Mimi ni mke wake."

Gracieuse akakaa kwenye kiti alichokuwa amekishika. Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi yakatoka bila sauti. Zaituni alibaki amesimama, baiskeli katikati ya miguu, akingoja hasira imfikie. Haikufika upesi kama alivyotarajia.

"Ulikuwa nani kwake?" alisema mwishoni.

"Mimi?" Gracieuse alijifuta macho. "Mimi nilikuwa namupatia kahawa, maman. Donc, kahawa, na kumuamusha."

"Kumwamsha?"

"Alikuwa anakuja kulala. Kila samedi. Anakunywa kahawa, anaenda pale chini, analala. Aliniombaka: Gracieuse, uniamushe à quatorze heures pile, saa munane kamili, bibi yangu asihangaike." Aliinuka. "Kuja, nikuonyeshe."

Palikuwa mteremko mdogo kati ya tuta na maji, chini ya mti ambao matawi yake yaligusa mto. Nyasi zilikuwa ndefu, laini.

"Hapa. Kichwa huku, miguu kwa maji. Na alikuwa anakoroma, maman! Hata bata walikuwa wanahama."

"Sudi hakoromi," Zaituni alisema.

"Anakoroma kabisa!"

Katika miaka thelathini na minane ya ndoa Zaituni hakuwahi kumsikia Sudi akikoroma, kwa sababu hakuwahi kumwona amelala usingizi wa kweli. Hata ujanani usingizi wake ulikuwa mwepesi, na tangu siku walipokimbia mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura na mtoto mgongoni, Sudi alilala kama mtu anayesubiri mlango ugongwe. Alikuwa akivuta kiti mpaka mlangoni mwa chumba, anakaa. Akiulizwa, anasema ni kazi: alisafisha stesheni za metro usiku, mwili umezoea. Hata alipostaafu alisema ni kazi. Na kumbe kila Jumamosi alikuwa akiuleta mwili wake hapa, anaulaza chini, halafu anarudi nyumbani kuendelea kulinda.

Wivu aliokuja nao ukakosa pa kushika. Alitamani amwonee mtu wivu, lakini palikuwa na nyasi tu. Akazionea nyasi.

"Kwa nini hakuniambia?" alisema.

"Ile sijui, maman," Gracieuse alijibu. "Hakuwa mutu wa maneno mingi. Siku moja tu alisema, hapa hakuna mutu wa kuchunga."

Gracieuse akarudi kwa wateja wake. Zaituni akailaza baiskeli chini, akakaa karibu nayo. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama, akajilaza: kichwa kule, miguu upande wa maji. Mbegu nyeupe zilishuka juu ya gauni lake. Mto ulisema jambo moja lile lile bila kuchoka. Aliwaza kwamba atafumba macho kidogo tu.

Akawa kwenye treni ya Kigoma. Alijua ni ileile waliyopanda mwaka ule wakitoka ukimbizini, imejaa watu na magunia, yeye na Naïma mchanga sakafuni, na Sudi amesimama mlangoni usiku kucha. Ila sasa ilikuwa mchana, na nje ya madirisha pande zote yalikuwa maji, kimya, yamejaa pamba. Sudi alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa juu ya furushi la nguo, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti kubwa mpaka abiria wakacheka. Watu walipanda, watu wakashuka. Mkaguzi akaja kuomba tiketi, na Zaituni akajiwekea kidole mdomoni: nyamaza, usimwamshe. Mkaguzi akapita kwa kunyata.

"Maman. Maman. Ni quatorze heures."

Gracieuse alikuwa amechuchumaa kando yake. Zaituni aliketi, uso umelowa, hajui kama ni jasho au nini, na mwili mzima ulikuwa mzito na mtamu kama mkate uliotoka sasa hivi tanurini. Hakukumbuka mara ya mwisho alipolala mchana. Walikunywa kahawa pamoja. Wakati wa kuagana Gracieuse alimkumbatia kwa nguvu, na Zaituni, aliyekuwa amekuja kumchukia, akamshika vilevile.

Kwenye simu yake kulikuwa na miito tisa ya Naïma isiyopokewa, mmoja chini ya mwingine. Na Naïma mwenyewe akamkuta juu ya daraja la chuma, anatembea mbio, anahema.

"Maman! Mwisho wa barabara ndio hapa? Nimekumbuka njia ya reli ya Papa, nimemuuliza kila mtu! Nimefikiri umeanguka mtoni!"

"Nilikuwa nimelala."

"Umelala wapi?"

"Mahali baba yako alipokuwa akilala."

Naïma aliangalia mgongo wa mama yake, akaona nyasi, akanyoosha mkono kuziondoa, halafu mkono ukasimama hewani. Zaituni akamweleza yote pale pale, tramu zikipita chini yao. Alipofika kwenye kukoroma, Naïma akacheka, kisha akalia, kisha akataka asimuliwe tena sehemu ile ile.

"Papa? Papa ambaye hata kwenye sofa hakusinzia?"

"Bata walihama."

Jua lilikuwa bado juu. Naïma alifuta pua kwa mkono wa koti. "Ni mbali?" aliuliza.

"Karibu tu. Njia haina mlima."

Wakaigeuza baiskeli. Naïma akaikokota upande mmoja, Zaituni akashika usukani upande wa pili ingawa haikuwa lazima, wakashuka pamoja kuelekea majini.