Mstari Mwekundu Mkononi mwa Munyao

Mwaka uliofuata kifo cha Mzee Kenyatta, mkazi yeyote wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, akiumwa na mdudu hakukimbilia kliniki. Alibisha kwa Wayua. Nyuma ya chumba chake Wayua alikuwa amepanda mishubiri kwenye mikebe ya mafuta ya Kimbo, na chini ya kitanda aliweka chupa ya asali iliyotoka kwao Kitui. Aliosha kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akapaka asali au utomvu wa mshubiri, akafunga kitambaa kilichochemshwa. Vidonda vikapona, na jina lake likaenea ploti hadi ploti.

Basi mumewe, Munyao, alipoumwa nyuma ya kiganja cha kulia na mdudu aliyejificha kwenye mbao, hakuna aliyeshtuka. Lakini Munyao alijikuna kwa kucha zenye uchafu wa kazini, pakavimba, pakatunga usaha. Wayua aliosha, akapaka, akafunga. Uvimbe haukusikia dawa. Asubuhi moja alipotaka kukunja mkono wa shati la mumewe aangalie huko juu, Munyao alijivuta.

"Wacha, Mama Kalondu. Nimechelewa."

"Nionyeshe tu."

"Si umeshapaka dawa? Itashika."

Akatoka, akashika njia ya Kibera, alikokuwa seremala kwenye karakana ya Nzomo.

Wayua akaanza kutandika kitanda. Upande wa mumewe shuka ilikuwa imelowa chapachapa, na hiyo ilikuwa Julai, baridi ya kugonganisha meno. Alibaki ameishika ile shuka. Homa. Mtu huyu ana homa na amemficha!

Alimwachia jirani yake Sella mtoto wao, Kalondu, akaondoka mbio na kanga begani. Alivuka barabara ya Ng'ong' bila kutazama. Dereva wa lori akamtukana, hata hakusikia.

Alimkuta Munyao akipiga randa kwa mkono wa kushoto, ubao ameubana kwa goti, uso unang'aa jasho.

"Baba Kalondu, vua shati."

Mafundi wakaacha kazi. Munyao alitazama chini, na Wayua hakungoja. Alifungua vifungo mwenyewe. Kutoka kwenye kitambaa mstari mwekundu ulipanda, ukapita kiwiko, ukaishia kwapani. Alipopagusa, palikuwa na tezi kubwa kama ndimu. Munyao akauma meno.

"Ongeza ile asali," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe umeponya watu wangapi?"

Wayua aliwaona akilini wanawake wanaochota maji bombani kule mtaani, wakinong'ona kwamba ameshindwa kumtibu hata mume wake. Alitamani sana kusema sawa, twende nyumbani nikupake tena.

"Dawa yangu imeshindwa," alisema, na watu wote wakasikia. "Twende hospitali."

Nzomo akatoka ndani. "Akitoka leo, mama, kesho kuna mtu mwingine kwenye hiyo benchi."

"Muweke."

Hawakufika mbali. Magoti ya Munyao yakalegea, akakaa matopeni, meno yakigongana. Wayua alimvuta, hakuweza. Akapiga kelele. Ishmael, mmoja wa mafundi, alikuja nyuma yao na mkokoteni wa mbao, wakampakia, wakasukuma wote wawili. Njiani Munyao alianza kuongea na marehemu baba yake kwa Kikamba, na Wayua akasukuma kwa nguvu zaidi.

Hospitalini daktari aliutazama ule mstari, akaita manesi kabla hata ya kuuliza jina. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Walipasua, wakatoa usaha, wakamdunga sindano mfululizo. Munyao alipona, ila kidole kimoja hakikukunjika tena, na benchi yake kweli ilipewa mtu mwingine.

Siku aliyoweza kuketi kitandani, alimwambia mkewe, "Ule mstari niliuona mapema."

"Ukanificha?"

"Watu wanakuamini. Sikutaka uaibike kwa ajili yangu."

Wayua alimtazama mtu aliyekuwa tayari kufa ili yeye asichekwe. Hasira ilimpanda, machozi nayo yakaja papo hapo.

"Munyao," alisema, akimwita kwa jina kwa mara ya kwanza tangu Kalondu azaliwe, "usinifanyie hivyo tena."

Akamshika ule mkono mzima, hakuuachia hadi nesi alipokuja kumfukuza.