Kanuni Ambayo Aloyce Hakuifuta

Katiba mpya ya kikundi cha warina asali pale Inyonga aliiandika katibu wao Aloyce mwenyewe, na ole wako umuulize kama alisaidiwa. Kurasa kumi na nane, mhuri juu. Kanuni za wazee, ambazo hazikuwahi kuandikwa popote, aliziita mambo ya kizamani na mkutano ukapiga makofi. Ila mwishoni alibandika sentensi aliyoiokota kwenye katiba ya chama kingine, kwa kuwa tu ilikuwa na uzito mdomoni: kanuni zote za awali ambazo hazikufutwa na katiba hii zitaendelea kutumika. Tena aliisoma mara mbili, jamani, kwa sauti ya hakimu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kibali chao cha kuingia msituni kilikuwa cha siku tatu tu, kuanzia Jumatano. Aloyce alikuwa na mizinga kumi na miwili huko, imejaa pomoni, na nyegere, mwizi wa asali, hamsubiri mtu. Jumanne asubuhi wanachama walikutana kwenye chumba cha kuchujia asali kugawana mabomba ya moshi wa kutulizia nyuki. Mkewe Theopista, naye mwanachama, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kuna ile kanuni ya zamani. Mwenye ugomvi nyumbani haendi kwenye mizinga mpaka aombe radhi, halafu ale pamoja na aliyemkosea. Nyuki wananusa hasira. Sasa mimi na katibu leo siku ya tano hatujaongea."

Watu wakaangua kicheko. Aloyce alisikia masikio yakimwaka moto.

"Hiyo ilishakufa!"

"Imefutwa na kifungu cha ngapi?" aliuliza mwenyekiti, Mama Gaudensia, mwanamke mwepesi wa kucheka na mzito wa kudanganyika.

Aloyce akapekua. Alikuwa ameandika habari za vikao, mihuri, kofia za wavu, hata nani ashike ufunguo wa choo. Ugomvi wa nyumbani hakuugusa kabisa. Akapekua tena kuanzia mwanzo, kana kwamba kifungu kingeota njiani.

"Basi iko hai," alisema Mama Gaudensia. "Umetusomea mwenyewe. Haya, umemkosea nini mwenzio?"

Theopista angeweza kumwaibisha hapo hapo, lakini alitazama chini tu, na hilo lilimchoma Aloyce kuliko matusi. Yeye mwenyewe angeweza kudanganya kwamba waligombania chumvi ya mboga. Lakini kwenye kona ya chumba kile ulisimama mzinga wa gogo aliokuwa ameutoa kwa kikundi wiki iliyopita, wa kufundishia wageni, ili asifiwe. Alisifiwa kweli. Marehemu baba yake Theopista aliuchonga kwa mikono yake, akamwachia binti yake. Theopista alipomuuliza, Aloyce alimjibu kwamba lile ni gogo tu.

Aibu ilimshika, na safari hii si ya kuchekwa.

"Ule mzinga haukuwa wangu," alisema, sauti ya hakimu imekwisha. "Ni wa baba mkwe, alimwachia huyu. Niliutoa bila kumuuliza. Naomba urudi kwake. Nisamehe, Mama Doto," alimwambia mkewe.

Hakuna aliyecheka. Mtu akasogeza sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha. Theopista alikichukua kiazi kimoja, akakitazama muda mrefu mpaka Aloyce akaanza kutoka jasho, halafu akakikata katikati na kumpa nusu kubwa.

Walipomaliza kula, Mama Gaudensia akageukia wanaume waliobaki. "Na nyie je? Kuna mwingine ana ugomvi nyumbani?"

Sita wakakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani, wakatoka kwa haraka.

Theopista akausogelea mzinga, akaupangusa vumbi kwa upande wa kanga.

"Kesho ukienda, nenda nao," alimwambia mumewe. "Ukautundike msituni, ukae na nyuki."

Aloyce aliuinua begani. Ulikuwa mzito, akayumba kidogo, na mkewe akamshika kiwiko.

"Leo baba angekupenda," alisema. "Jana asingekusalimia."