Maji ya Kapata

Kila Agosti, kabla mvua hazijaanza, Mulumba alipima maji ambayo hayajaja. Alikuwa karani wa bima na majanga katika kampuni moja ya mgodi wa shaba, Kolwezi. Mafuriko ya msimu ujao yalitangulia kuacha alama ya unyevu kwenye ukuta wa ofisi yake, naye akaiwekea rula. Kwa kipimo hicho kampuni iliagiza pampu na kukata bima, na serikali ya jimbo ikajua magunia mangapi ya mahindi yanunuliwe Lubudi. Tahadhari kabla ya hatari, wakubwa walisema, kisha wakaenda zao kula.

Agosti ya 1992 ukuta wa ofisi ulikuwa mkavu. Alama ilikuwa imehamia Kapata, kwenye nyumba za wafanyakazi, na ilifika kifuani. Haikuingia kila nyumba. Iliruka kwa Mwenze, ikaingia kwa Mpoyi, ikaruka kwa Kalumba, ikaingia kwa Mulumba mwenyewe, nyuma ya kabati la vyombo. Zilizolowa zote zilikuwa za watu wenye asili ya jimbo la Kasai, ambao mitaani walikuwa wameanza kuitwa wageni, hata wale ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba hiyohiyo.

Kapinga, mkewe, aliupangusa ukuta kwa kitambaa mpaka akachoka.

"Tata, usiandike majina ya bantu benye kukaa nyumba hizi," alisema. "Andika kipimo tu."

"Fomu inaomba jina na asili, mama. Nikiacha wazi, batairudisha."

"Mi naogopa."

"Hata mi naogopa. Njo maana naandika. Bakubwa bakijua, batatusaidia."

Akapima nyumba mia tatu na kumi na mbili. Mwandiko wake ulikuwa safi, na hakukosea hata jina moja.

Mkurugenzi, tata Nkulu, aliisoma ripoti mara mbili, akamsifu.

"Travail ya muzuri. Nyumba ni ya kampuni. Bantu bakitoka, risque inaisha, hatari hakuna."

Wenye bima walikubali. Nakala ikaenda serikalini, na kutoka huko ikateremka, hakuna aliyeuliza vipi, mpaka mikononi mwa vijana wenye marungu. Machi iliyofuata, walipoingia Kapata, hawakuhangaika kuuliza njia. Walifuata orodha mstari kwa mstari, nao pia hawakukosea hata jina moja. Mulumba aliutambua mwandiko wake tangu mlangoni.

Waliofukuzwa walikaa stesheni wiki tatu wakingoja treni ya Kasai, juu ya magodoro, katikati ya masufuria. Alama iliwafuata. Nguo zao zililowa hadi kifuani, halafu hadi mabegani, ingawa jua liliwaka. Wanawake walikamua watoto wao asubuhi na kuendelea kupika.

Siku moja alikuja Barnabé, aliyefanya kazi naye meza moja kwa miaka tisa. Alikuwa na rula.

"Tata Mulumba, kule Kapata kuta zimekauka. Bantu bapya baliingia. Mukubwa anasema kipimo kiko huku."

Mulumba akasimama wima, kama alivyozoea kuwaambia wengine wasimame kando ya ukuta. Barnabé akapima. Maji yalikuwa yamefika shingoni.

"Andika kipimo tu, Barnabé," Kapinga alimsihi.

"Fomu inaomba, mama." Akaandika jina bila kuuliza. Kisha akainua kalamu. "Asili, tata?"

"Nilizaliwa hapa. Andika Kolwezi."

Barnabé akaitika kwa heshima, akaandika Kasai.