Mchezo wa Vivuli Mchana Kweupe

"Huyo si mbwa," alisema Chiriku. "Huyo ni mamba."

"Ni mbwa. Huoni masikio?"

"Na mamba ana masikio. Ameyaficha tu."

Baba yake alicheka, akainua kidole gumba kidogo, na kivuli kilichokuwa ukutani kikafumbua mdomo. Tochi ilikuwa juu ya kigoda, imeegemezwa kwenye sufuria ili isiyumbe. Nje jua la mchana lilikuwa linachoma mabati, lakini humo chumbani kulikuwa na giza la kutosha, kwani dirisha lilizibwa kwa blanketi zito. Baba huyo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao, na usingizi wake aliulala mchana. Majirani walimwita Popo. Naye aliitika bila kinyongo.

Chiriku nalo lilikuwa jina la utani. Mtoto hakuwa amefikisha miaka minne, ila mdomo wake ulikuwa haupumziki hata akiwa anatafuna.

Zamani alikuwa akishinda na bibi yake. Bibi alipohamia kwa mwanawe mwingine, mama akabaki na kazi yake ya kiwanda cha mikate, anaondoka kabla hakujapambazuka, na mtoto akaangukia mikononi mwa Popo. Siku za mwanzo Popo alidhani atamlaza, walale wote. Chiriku alilala kidogo sana, kisha akapanda kifuani kwa baba yake na kumfunua kope kwa vidole. "Baba, humo ndani kuna mtu?"

Aliyemwokoa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mstaafu aliyefundisha watoto wadogo maisha yake yote. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuja mlangoni siku moja mtoto akiwa analia, akasimama mikono kiunoni.

"Mtoto huyu hana njaa wala haumwi. Amechoka kukaa bure. Mpe kazi."

"Kazi gani, Mwalimu? Ana miaka mitatu!"

"Kucheza. Kwani wewe ulidhani kazi yake ni nini?"

Basi Mwalimu akawa anamfundisha baba, na baba anamfundisha mwana. Akajifunza kukanda unga kwa chumvi na mafuta, ukawa laini wa kufinyanga nyoka na sahani. Akajifunza kukata kiazi nusu, kukichonga nyota, kukichovya kwenye rangi na kupiga mihuri. Jani chini ya karatasi, penseli ya rangi juu yake, unasugua taratibu mpaka mishipa ya jani inajitokeza yenyewe. Mara ya kwanza Popo alipoliona hilo alisugua majani matano, mtoto akingoja zamu yake. Kule ghalani mlinzi mwenzake alimwona kucha zina rangi ya samawati, akamuuliza kama ameanza kujiremba. "Nina kibarua cha pili," Popo alijibu. "Bosi wangu hajui hata kufunga kandambili, lakini mkali huyo!"

Vivuli vya ukutani, lakini, vilikuwa ubunifu wake mwenyewe. Tochi alikuwa nayo. Giza alikuwa nalo.

"Sasa mimi!" Chiriku akaruka mbele ya mwanga. "Niwe twiga!"

Alisimama kinyume, mgongo ukutani, uso umeielekea tochi. Popo akainyanyua upesi ili mwanga usimwumize, na katika kuinyanyua, mwanga ukapita upande wa uso wa mtoto.

Jicho la kushoto likamrudishia ule mwanga.

Halikumetameta kama linavyometameta jicho la mtoto anayecheka. Lilimulika kutoka ndani, jeupe lenye umanjano, palepale penye mboni, kisha likazimika. Popo aliyafahamu macho ya namna ile. Kila usiku alipoimulika tochi kati ya marundo ya mbao, paka wa ghalani walimtazama nayo. Hakuwahi kuyaona kwa mtu.

"Baba, mimi twiga?"

"Simama hapohapo, mama."

Akaileta tochi tena, polepole, kutoka kando. Jicho la kulia, jeusi. La kushoto likawaka. Akajaribu mara nyingine, huku akijisemea kwamba ni kioo cha tochi, ni kivuli, ni uchovu wa mkesha. Likawaka tena.

Aliinuka akalivuta blanketi dirishani kwa nguvu hata msumari mmoja ukang'oka. Jua likaingia lote kwa pamoja. Alimshika mtoto kidevu, akamtazama. Kwenye mwanga wa jua jicho lilikuwa zuri, la kawaida, limepinda kidogo tu upande wa nje kama lilivyokuwa kwa miezi kadhaa sasa. Shangazi zake walikuwa wameshasema hayo ni makengeza ya urembo, yatamletea wachumba. Popo alikaribia kujicheka. Lakini moyo ulikataa kutulia.

Akaviringisha karatasi ikawa bomba. "Haya, tuchungulie. Weka hapa. Unaona nini?"

"Ndoo!" alisema Chiriku, bomba likiwa kwenye jicho la kulia. "Na kandambili za mama! Na kuku wa Mwalimu anakuja kuiba!"

"Hodari. Sasa tumia jicho lile jingine." Akamziba la kulia kwa kiganja, taratibu.

Mtoto akalizungusha bomba huku na huku.

"Unaona nini?"

"Baba, mbona umezima?"

"Sijazima kitu."

"Washa basi."

Jua lilikuwa limewaangukia miguuni, limeangaza sakafu yote mpaka kwenye vidole vya mtoto.

Popo alibaki amepiga magoti, kiganja chake bado kwenye uso wa mwanawe. Kumbukumbu zikawa zinamjia moja moja, na kila moja ilimchoma. Mtoto anagonga mwimo wa mlango, daima kwa bega la kushoto. Mtoto anageuza kichwa chote ili kutazama picha. Na yeye baba, sauti juu: "Angalia unakokwenda! Huna macho?"

Hivyo ndivyo alivyomwambia. Juzi tu.

Mwalimu alikuja kwa wito mmoja. Hakutaka kuelezwa sana. Alimziba mtoto jicho, akapunga vidole mbele ya lile jingine, akaona halifuati. Alikuwa mtu wa maneno, lakini safari hii alisema matatu tu: "Mvalishe viatu. Twende."

Hospitalini, kwenye idara ya macho, waliambiwa wangoje, foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alipomsikia Popo akisema "kama jicho la paka," alimtazama mara moja, akaingia ndani, akatoka kumwita. Kule kuitwa haraka kulimtisha Popo kuliko foleni.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimtia mtoto dawa ya matone, akachungulia kwa taa yake, akatoka, akarudi na daktari mwingine, wakachungulia wote. Popo alizitazama nyuso zao kama anavyotazama lango usiku akisikia kishindo. Kisha wakampeleka mtoto kwenye mashine ya picha, naye akashangilia kwa sababu alidhani anapigwa picha ya ukumbusho.

"Baba," daktari alisema baadaye, amevuta kiti karibu, "ndani ya jicho la kushoto kuna uvimbe. Ni saratani."

"Saratani ya wazee?"

"Hii ni ya watoto wadogo. Inaanzia ndani ya jicho. Hilo jicho haliwezi tena kuona, na hatuwezi kulirudisha. Tunachoshughulikia sasa ni uhai wake. Tukiliacha, uvimbe utafuata njia ya jicho mpaka kwenye ubongo. Inabidi tulitoe."

Popo aliyasikia maneno yote, lakini yalikataa kukaa pamoja. Kulitoa. Kama msumari? Kama jino? Chiriku alikuwa sakafuni akimweleza Mwalimu habari za twiga.

"Aliyegundua nani?" daktari aliuliza.

"Tulikuwa tunacheza," alisema Popo.

Mama Chiriku alifika jioni, moja kwa moja kutoka kiwandani, unga umemkaukia kwenye mikono mpaka viwikoni. Aliyasikia yote akiwa wima. Alikataa kiti.

"Hapana," alisema. "Anakimbia huyu. Anachora. Jicho halimwumi, halina hata usaha, mnalitoaje?"

"Mama, ugonjwa huu mara nyingi hauumi mwanzoni..."

"Nampeleka nyumbani." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, Baba Chiriku! Unashinda naye kutwa nzima! Kazi yako si kulinda? Ulikuwa unalinda nini?"

Popo alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeliona, lakini mbele ya uso ule neno hilo lingekuwa la aibu. Na tena swali lilikuwa lake pia. Alikuwa analiuliza tangu mchana. Mama akamnyanyua mtoto, akamweka kiunoni, akaelekea mlangoni.

"Mama Chiriku," Popo alisema. "Usiniamini mimi. Usimwamini hata daktari. Mzibe jicho la kulia, halafu mwambie akutafute."

Mama alisimama. Kwa muda ilionekana kama hatageuka. Kisha akamshusha mtoto, akachuchumaa mbele yake, na kiganja chenye unga kikafunika jicho la kulia.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, akijilazimisha kucheka. "Mshike mama pua."

Chiriku alinyoosha mkono. Ukapita kando ya shavu la mama yake, ukapapasa hewa, ukapapasa tena. Mama alikuwa mbele yake, pumzi kwa pumzi.

"Mama, na wewe usizime," alisema mtoto.

Mama hakupiga kelele. Kilichomtoka kilikuwa kama pumzi ya mtu aliyepigwa tumboni. Alikiondoa kiganja, na Chiriku akabaki na alama nyeupe ya unga kuzunguka jicho lililo zima, akimshangaa mama yake aliyekuwa amekaa chini kwenye sakafu ya hospitali, miguu imenyooka kama ya mtoto.

"Lini?" mama alimuuliza daktari.

Upasuaji ulifanyika keshokutwa yake asubuhi. Popo alimbeba mpaka kwenye milango miwili ambayo wazazi hawapiti. Mtoto, usingizi wa dawa ukiwa umeanza kumlewesha, alikuwa bado anasimulia kitu kuhusu kuku wa Mwalimu; milango ikafungwa katikati ya sentensi. Ukimya ule Popo hakuwahi kuusikia, yeye aliyezoea kukaa peke yake na mbao usiku mzima. Mama Chiriku alikuwa amekaa benchi la pili. Baada ya muda alihama, akaja kukaa karibu naye, bega likagusana na bega. Walikaa hivyo mpaka daktari alipotoka.

Chiriku alipozinduka alipapasa bandeji.

"Jicho langu lipo humu?"

Mama aligeuza uso. Mwalimu alikuwa amemwonya Popo mapema: usimdanganye, atakuja kukudai. "Halipo," Popo alisema. "Lilikuwa linaumwa sana, likataka kuuambukiza mwili mzima. Daktari amelitoa."

"Atalirudisha likipona?"

"Hapana, mama. Halirudi. Baadaye watakuwekea la bandia, zuri, ila halitaona."

Mtoto alifikiri. Popo alikaza meno akingoja kilio.

"Sasa nikilia," Chiriku aliuliza, "machozi yatapita wapi?"

Ndipo alipolia Popo, mchana kweupe, katikati ya wodi, na watu wakatazama pembeni ili kumstahi.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku za kula bila kusikia ladha. Uvimbe haukuwa umevuka jicho. Daktari aliyasema hayo kwa furaha, kisha akaongeza taratibu kwamba jicho la pili litapimwa mara kwa mara, kwa miaka. Siwezi kuwaahidi, alisema. Njooni kila tutakapowaita.

Popo akarudi kwenye lindo lake. Usiku alipokutana na macho ya paka kati ya mbao aliishusha tochi, akapita gizani kwa kupapasa. Mchana alizoea kutembea upande wa kushoto wa mwanawe bila kuambiwa na mtu.

Siku moja, mama akiwa na mapumziko yake, mvua ilinyesha mpaka mtaro wa mbele ya nyumba ukajaa. Mwalimu akawapitishia gazeti kuukuu juu ya ukuta, na Popo akakunja mashua. Ya kwanza ilizama. Ya pili Chiriku aliikunja pamoja naye, akakandamiza mikunjo kwa ngumi, akaiweka mwenyewe majini. Ikayumba, ikashika mkondo, ikaenda kasi kuelekea pale mtaro unapopita chini ya barabara kwa bomba la zege. Ikaingia.

Chiriku alikimbia upande wa pili, kitambaa cha jicho kikiwa kimelegea kidogo. Alilala kifudifudi kwenye ukingo wenye tope, akageuza kichwa ili jicho lake lielekee sawasawa mdomo wa bomba. Mama alitaka kumkemea kwa ajili ya gauni, akaacha. Akachuchumaa kulia kwake, na Popo kushoto.

"Itatoka?" mtoto aliuliza.

Maji yalikuwa yanatoka mekundu kwa tope, yamebeba majani, yakivuma ndani ya bomba.

"Tungoje," alisema Popo.