Gauni la Agape

Vita vilipofika Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, watu walikimbilia ziwani. Leonida alisukumwa ndani ya boti, mkono wa bintiye Agape ukamchopoka katikati ya msongamano, mtoto akabaki ufukweni. Mama alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Boti haikurudi.

Alifika Ujiji, upande wa Tanzania, na nguo aliyovaa tu. Bi Ziada, mjane wa mtaa wa Kasingirima, alimpa chumba cha uani, na huko Leonida akawa anadarizi shuka na foronya za maharusi. Kila boti ya kutoka ng'ambo ilipofika mwaloni Kibirizi, alikwenda kuulizia mtoto wake.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Yakobo, mfanyabiashara wa mawese, aliingia uani akihema.

"Mama Agape, mtoto yupo! Yuko kulekule Baraka, analelewa na mama mmoja anaitwa Margareta. Safari ijayo nakuja naye."

Leonida hakulia. Alikaa chini palepale, uzi ungali mdomoni.

Kesho yake akaenda na Bi Ziada sokoni, kwa Hamdani muuza vitambaa. Hamdani akamtandikia tetroni nyeupe inayong'aa. Leonida akaisugua kwa vidole, akairudisha. Ingemtoa mtoto jasho. Akachagua poplini ya rangi ya maziwa, nyepesi lakini iliyofumwa kwa kubana, ya kushika mshono. Kwenye nyuzi ndiko alikokawia. Nyekundu aliilowesha kwa mate, akaisugua kwenye pindo la kitenge chake, ikachuja, akaiacha. Akatwaa kijani na njano.

"Nikate kiasi gani?" Hamdani aliuliza. "Mtoto ana ukubwa gani?"

Leonida akaweka kiganja usawa wa paja lake. Akakipandisha kidogo, akakishusha. Mkono ukabaki hewani.

"Kata kubwa," Bi Ziada alisema kwa upole. "Nguo hupunguzwa."

"Hapana," Leonida akasema. "Alikuwa ananifika hapa."

Alishona gauni, akalidarizi kifuani maua ya maboga, maana Agape alikuwa akiyachuma shambani na kuyachomeka masikioni. Kila ua alilifumua na kulirudia, kana kwamba likikaa sawa mtoto atafika salama.

Alifika. Binti aliyeshuka botini alikuwa na miguu mirefu na uso wa kikubwa. Akamtazama Leonida, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema, kama anavyoamkiwa mama yeyote njiani.

Nyumbani gauni liligoma mabegani. Agape alilivua taratibu, akalikunja vizuri.

"Ni zuri," alisema. "Lakini ni la mtoto."

Siku zilizofuata alifanya kila alichotumwa. Kazi ikiisha, alikaa kizingitini akitazama upande wa ziwa.

"Unatazama nini, mwanangu?"

"Mama Margareta iko peke yake. Nani atamutekea maji?"

Kilio kikamtoka mtoto. Leonida alimkumbatia akiwa ameumia moyoni. Miaka yote hiyo aliomba Agape amlilie mama yake. Sasa alikuwa akimlilia, ila mama mwenyewe ni mwingine.

Alimwacha alie mpaka akanyamaza. Halafu akamuuliza, "Mama Margareta anapenda rangi gani?"

Agape akainua uso. "Buluu. Ile ya kwenda kanisani."

Walirudi wote wawili kwa Hamdani. Safari hii Agape ndiye aliyesugua vitambaa, akakataa viwili, akakumbatia cha tatu. Leonida akamwonyesha mshono wa mnyororo, wakadarizi pamoja kitambaa cha kichwa. Mishono ya mtoto ilikwenda upande kama njia ya mbuzi. Leonida hakufumua hata mmoja.

Yakobo alikivusha ziwa kumpelekea Margareta. Agape alisimama mwaloni mpaka boti ikapotea machoni, kisha akaja mwenyewe kusimama karibu na Leonida.

Hakumwita mama siku ile. Alimwita wakati wa Ramadhani, alipokuwa akimsaidia Bi Ziada kuandaa futari.

"Mama, mwiko uko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Leonida akampa mwiko, akarudi kukaa mkekani. Akaokota sindano yake taratibu, asije akamshtua.